Barua kwa mdogo wangu: kila lengo la akiba liwe na tarehe yake

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma wote, ule mrefu wa usiku. Unasema mnaweka akiba tangu mlipooana, lakini kila likitokea jambo mnajikuta mnakopa. Shemeji anadai kipato ni kidogo, wewe unadai matumizi ni makubwa. Nimeamua kukujibu hadharani, bila kutaja jina lako, maana nyumba zinazobishana hivyo ni nyingi kuliko unavyodhani.

Mimi naona wote wawili mnabishania pembeni. Mna akaunti moja, na humo mmeweka ada ya mtoto, kiwanja, uzee wenu na ugonjwa ambao haujamshika mtu. Pesa zikichanganyika hivyo, jambo la karibu hula za mbali. Ada ikifika hudai, tena kwa barua. Kiwanja hakidai. Uzee ndio kabisa, unasubiri kimya mpaka siku unapofika. Kwa hiyo kila mwaka mnatimiza yanayopiga kelele na kuahirisha yaliyonyamaza, halafu mnashangaa mbona hamsogei.

Kaeni chini wewe na shemeji, simu mziweke mbali, mchukue daftari. Andikeni kila kitu mnachokitaka au mnachojua kitawadai: ada, bima, kodi ya pango, tairi za gari, kompyuta ya mtoto, kiwanja, ujenzi, chuo, uzee. Msichuje bado. Mkimaliza, mbele ya kila kimoja andikeni mambo matatu: kiasi kinachohitajika, tarehe ya kuhitajika, na kilichopo mpaka sasa. Toa kilichopo kwenye kiasi, gawanya kwa miezi iliyobaki. Kompyuta ya 480,000 inayotakiwa baada ya miezi 8, na hamna kitu mkononi, inawadai 60,000 kila mwezi. Lengo lisilo na tarehe huwezi kuligawanya, na ukishindwa kuligawanya bado ni tamanio tu. Liache kwenye ukurasa wa nyuma mpaka mpate tarehe.

Sasa jumlisheni ile safu ya mwisho, ya kwa mwezi. Hapa ndipo watu wengi hufunga daftari, kwa sababu jumla hutoka kubwa kuliko mnachoweza kuweka, pengine mara mbili. Msikate tamaa, na msidanganyane kwamba mtabana zaidi. Mnaweza kusogeza tarehe, kupunguza kiasi au kulifuta lengo. Kompyuta ikisogea kutoka miezi 8 hadi 12, ile 60,000 inashuka hadi 40,000. Mtoto atanuna kidogo, lakini hakuna aliyekopa. Ila ada haisogei, wala kodi ya pango haisogei, kwa hiyo hizo zipate chake kwanza. Nawashauri mchore mstari chini ya zile zisizosogea kabla hamjaanza kubishana kuhusu nyingine. Ugomvi utapungua nusu.

Utaona pia jambo ambalo binafsi hunichekesha. Mengi tunayoyaita dharura yana tarehe tunazozijua. Mtoto hakuanza shule jana. Bima huisha siku ileile iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Tairi huchakaa mbele ya macho yetu. Gharama inayokuja mara moja kwa mwaka igawanywe kwa 12 na iwekwe kila mwezi kama vile inadaiwa kila mwezi. Mkifanya hivyo, mikopo yenu midogomidogo itapungua sana hata mshahara usipoongezeka.

Dharura ya kweli ni ile isiyo na tarehe: kazi imekatika, mtu ameumwa ghafla, paa limeng'oka. Hiyo inataka mfuko wake peke yake. Kipimo kinachotumika sana ni matumizi ya lazima ya miezi 3 hadi 6. Angalia vizuri, nimesema matumizi ya lazima, si mshahara. Hesabuni chakula, pango, umeme, maji, nauli, ada na dawa. Starehe ziacheni nje. Kwa kuwa wewe una mshahara, naye shemeji anafanya biashara inayopanda na kushuka, ningewaelekeza kwenye miezi 6. Lakini anzeni na mwezi mmoja. Mwezi mmoja ukishajaa, hata usingizi unabadilika. Pesa hizo zikae mahali pa kutolewa ndani ya siku moja au mbili, ila zisiwe kwenye simu unayolipia kila kitu. Wanaozifunga kwa mwaka mzima ili wapate riba kidogo hulazimika kukopa kwa riba kubwa siku jambo linapotokea.

Nikigusa riba: ule mkopo ulionitajia, wa asilimia 3 kwa mwezi, usiuone mdogo. Ni asilimia 36 kwa mwaka, na riba isiyolipwa ikiongezwa juu ya deni inapita 42. Hakuna akaunti ya akiba itakayowalipa hivyo. Wekeni ule mfuko wa mwezi mmoja, kisha kila kinachobaki kielekee kwenye deni hilo mpaka liishe, na kiwanja kisubiri. Najua shemeji hatapenda. Mwambie ni hesabu, si mimi.

Sasa malengo ya mbali, nayo yana kanuni yake. Wahenga walisema akiba haiozi. Pesa taslimu inaoza, taratibu, bila harufu. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, pesa iliyolala bila riba inabaki na nusu ya nguvu yake baada ya miaka kama 12. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 72 kwa asilimia ya kupanda kwa bei, unapata miaka. Mtoto wenu akienda chuo baada ya miaka 10, na bei zikaenda kwa kasi hiyohiyo, gharama ya leo izidishe kwa karibu 1.8. Mkilenga bei ya leo, mtafika siku hiyo mkiwa na zaidi kidogo ya nusu na mtadhani mmekosea mahali fulani.

Hesabu hiyohiyo ya 72 hufanya kazi upande wenu pia. Faida ya asilimia 8 kwa mwaka, ikiachwa ndani, huongeza pesa mara mbili kwa miaka 9. Chukua 1,000 za sarafu yoyote, uweke kila mwezi. Kwa miaka 20 umeweka 240,000 kwa mkono wako. Kwa asilimia 8 zinakuwa kama 589,000. Mtu akiahirisha akaanza miaka 10 baadaye, akaweka 1,000 zilezile hadi mwisho, anafika kwenye 183,000 hivi. Yeye ameweka nusu yako, lakini amepata chini ya theluthi moja. Ndiyo maana nakusihi mfuko wa uzee uanze mara tu deni lile likiisha, hata kwa kiasi unachokionea aibu.

Wapi pa kuweka? Kinachohitajika ndani ya mwaka mmoja au miwili kikae kwenye akaunti ya kawaida ya akiba, au ya muda maalumu inayoiva kabla ya siku yenyewe. Msikipeleke kwenye hisa, kwa sababu hisa zinaweza kushuka mwezi uleule wa ada, na shule haitangoja zipande. Cha miaka 5 na kuendelea ndicho kinachoweza kuvumilia kupanda na kushuka: hati fungani za serikali (mnaikopesha serikali, nayo inawalipa riba), mifuko ya uwekezaji wa pamoja (pesa za watu wengi zinazowekezwa kwa pamoja), hisa, mfuko wa pensheni. Na yeyote anayewaahidi faida kubwa kila mwezi bila hatari yoyote, mpeni chai aondoke.

Kuhusu kipato cha shemeji, msijipangie kiasi kimoja kila mwezi kisha mkashindwa. Bajeti ya nyumba isimame juu ya mwezi wake mbaya kuliko yote, na mwezi mzuri ukija, asilimia mliyokubaliana itoke siku hiyohiyo pesa inapoingia. Akiba inayosubiri kitakachobaki mwisho wa mwezi hukuta hakuna. Kwa upande wako, omba benki ihamishe yenyewe siku ya mshahara, ili uamuzi ufanyike mara moja tu.

Na wote wawili mjue kila akaunti ilipo, mjaze kwenye fomu majina ya wanufaika, yaani watakaopokea pesa hizo mkifariki. Ni jambo la dakika chache ambalo familia nyingi hulikumbuka kwa kuchelewa.

Mwisho, daftari lisifungwe. Kila baada ya miezi 3 lifungueni, mrekebishe bei, mhamishe tarehe zilizokataa. Lengo likitimia, ile sehemu yake ya kila mwezi isirudi kwenye matumizi. Mkiizoea kwa wiki chache tu, hamtaiona tena. Kompyuta ikishanunuliwa, mwezi unaofuata zile 60,000 zihamie kwenye mfuko wa dharura, na mfuko ukijaa zihamie kwenye kiwanja. Muulize shemeji kama yuko tayari kukipa tarehe sasa.

Dada yako.