Tarehe yako si ya bendera peke yake

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kwanza nikacheka, halafu nikanuna. Nilichochekea ni hayo malalamiko kwamba kuzaliwa 9 Desemba ni kuzaliwa na mshindani: wewe unataka keki, nchi nzima inatazama gwaride. Nilichonunia nitakifikia.

Babu yako alikuwepo uwanjani Temeke usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, pale tunapopaita leo Uwanja wa Uhuru. Kila akisimulia alianza na giza. Taa zikazimwa, bendera ya Mwingereza ikashuka, zilipowaka tena yetu iko juu. Usiku uleule Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro na mwenge. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, tukawa jamhuri na Nyerere akawa rais wa kwanza. Hayo umekaririshwa tangu shule ya msingi, sikuchoshi.

Ila tarehe yako ina jambo jingine, na mimi naliweka bega kwa bega na bendera. Unalikumbuka kovu la mkono wangu? Dogo kuliko kisoda, limebonyea katikati, kingo zimekunjamana. Ulipokuwa unanyonya ulilisugua kwa kidole gumba mpaka usingizi unakuchukua. Hilo ni la chanjo ya ndui. Wewe huna, na hukuhitaji kuwa nalo, kwa sababu 9 Desemba 1979, kule Geneva, wataalamu walitia sahihi kuthibitisha kwamba ndui imekwisha duniani. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza rasmi. Ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu milioni 300 katika karne ya 20 pekee, na waliopona wengi walibaki na nyuso za vishimo.

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi katika hospitali ya Merca, kijana wa miaka 23. Oktoba 1977 lilipita gari limebeba watoto wawili wenye ndui, dereva anaulizia njia. Ali akarukia ndani kumwelekeza. Safari ya dakika chache tu. Siku kadhaa baadaye homa ikampanda, wakadhani malaria, vipele vilipotoka wakadhani tetekuwanga. Anafanya kazi hospitalini, chanjo iko palepale, na hakuchanjwa. Mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano.

Alipona. Uzeeni akawa anazunguka kuwahimiza akina mama wa Somalia wawapeleke watoto kwenye chanjo ya polio, akiwasimulia kosa lake bila kujificha. Malaria ilimuua mwaka 2013, akiwa bado kwenye kazi hiyohiyo. (Nchi hiyohiyo, tarehe yako hiyohiyo, mwaka 1992, askari wa Marekani walishuka usiku ufukweni Mogadishu wakawakuta waandishi wa habari wameshawasubiri na taa za kamera. Hiyo tutaiongea ukija.)

Haya, sasa kununa kwangu. Unasomea uuguzi, kila wiki uko wodini unashika sindano zilizotoka kwenye miili ya watu, halafu unaniandikia kwa mzaha kwamba dozi ya pili ya chanjo ya homa ya ini umeipiga chenga kwa kuwa ya kwanza ilikuuma mkono siku mbili. Siku mbili! Mimi niliumwa uchungu wako usiku kucha, siku ya sikukuu, mvua ya vuli inamwagika na gari la kunipeleka halipatikani, sikupiga chenga.

Keki naioka Jumamosi. Jumapili alfajiri naipeleka mwenyewe Mbezi, Stendi ya Magufuli, nimkabidhi kondakta wa basi la Dodoma. Kadi yako ya chanjo ipige picha unitumie kabla basi halijaondoka, la sivyo wajukuu wa jirani hapa Tandika wanaipenda sana keki.

Mama yako