Anayepona anoreksia au bulimia huanzia kwenye saa ya kula

Mhariri,

Makala yenu kuhusu matatizo ya ulaji, yaani anoreksia (kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa) na bulimia (kufakamia kisha kujitapisha), ilimhimiza mgonjwa amwone mshauri nasaha, lakini haikusema akifika huko atafanya nini. Wengi hudhani ataketi, aeleze machungu ya utotoni, afarijiwe. Tiba ya kisaikolojia iliyojengwa na daktari wa akili Christopher Fairburn kule Oxford, Uingereza, inayotumika sana kwa watu wazima wenye bulimia, huanza na saa ya kula.

Kwa kawaida ni vikao 20 katika wiki 20. Aliyekonda sana huhitaji kama 40. Mwezi wa kwanza vikao ni viwili kwa wiki, kwa kuwa mabadiliko yasipoanza mapema huwa magumu baadaye. Kila mlo mgonjwa huuandika palepale, si usiku kwa kukumbuka: saa, chakula, mahali, kama alihisi amezidisha, kama alitapika au alikunywa dawa ya kumfanya aharishe, na alichokuwa akiwaza. Mstari wa daftari huweza kusomeka hivi: saa 11 jioni, chapati 5, jikoni nimesimama, nimetapika, tangu asubuhi chai kavu tu. Mshauri anayeijua kazi hashiki zile chapati. Hushika chai kavu, yaani njaa ya kutwa nzima iliyozileta.

Ndiyo maana hupangwa milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, bila kukaa zaidi ya saa nne kati ya mlo na mlo. Hata aliyefakamia jana usiku hunywa chai yake saa 1 asubuhi na maandazi, kwa sababu akiruka mlo ili kufidia, jioni njaa itamrudisha palepale. Njaa yenyewe huvuruga akili: mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula katika utafiti kwa miezi sita, wakawa hawawazi ila kula, na baadaye baadhi yao wakafakamia bila kiasi. Mwezi wa Ramadhani basi mgonjwa azungumze mapema na daktari na sheikh wake. Dini imempa mgonjwa ruhusa.

Uzito hupimwa mara moja kwa wiki, pamoja na mshauri. Mizani ya nyumbani ifichwe. Maji mwilini pekee huweza kupandisha au kushusha kilo moja hivi, kwa hiyo namba moja haielezi kitu. Hutazamwa vipimo vya wiki nne.

Kosa linalotuumiza zaidi ni familia kusimamisha tiba mwili ukirudi. Hofu ya kunenepa bado ipo, na kujipima kiuno mbele ya kioo kunaendelea. Hapo ndipo shangazi anapoingia na furaha ya kweli: "Umenawiri!" Mgonjwa husikia "umenenepa," na mlo wa usiku hauliwi tena. Tunawaomba ndugu wasiutaje mwili kabisa, hata kwa sifa. Mwulizeni habari za masomo, kisha kaeni naye nusu saa baada ya kula, kwa kuwa huo ndio muda anaotaka kukimbilia chooni.

Na mshauri asifanye kazi bila daktari. Kutapika hupunguza potasiamu mwilini, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, na moyo huweza kupiga ovyo hata kwa mtu mwenye uzito wa kawaida. Akizimia au moyo ukimwenda mbio, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kikao kisubiri.

Washauri nasaha,
Tanga