Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: damu ya wagonjwa wa mionzi isimwagwe

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Dar es Salaam. Mwaka juzi nilimsindikiza mama yangu kwenye mionzi, siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa. Saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa akioga kwa tahadhari, maji yasije yakafuta alama za wino alizochorwa kiunoni. Benchini alikaa na mama mwenzake wa rika lake, ugonjwa hatua ile ile, dozi ile ile. Leo mama yangu anapalilia mchicha. Mwenzake uvimbe uliisha, lakini utumbo uliungua, na hadi sasa akienda haja anatoka damu.

Kwa nini yeye?

Mionzi huua seli kwa kukata DNA, yaani nyuzi mbili zilizosokotana zinazobeba maelekezo ya urithi, na mkato mbaya kuliko yote ni ule unaokata nyuzi zote mbili. Mwili una mafundi wake, nao ni protini: Ku hukamata ncha zilizokatika, ATM hupiga mbiu, BRCA2 husaidia kujenga upya kipande kwa kufuata nakala iliyo salama. Dozi hugawanywa siku kwa siku ili seli zenye afya zipate muda wa kujikarabati. Mtu aliyerithi ATM mbovu kwa baba na kwa mama, dozi ya kawaida inaweza kumuua. Elimu hii si ngeni: Nobel ya kemia ya 2015 walipewa Lindahl, Modrich na Sancar kwa kuchunguza ukarabati wa DNA.

Tatizo ni kwamba damu iliyochunguzwa ili kujua nani ataumizwa na mionzi, nyingi ni ya watu wenye asili ya Ulaya. Wakati huohuo, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni hii ya mlango wa kizazi, ambayo virusi vyake huiharibu p53, protini inayoisimamisha seli iliyojeruhiwa ili ijitengeneze au ife. Majibu yetu tutayapata kwa wagonjwa wetu.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, yenye jenereta ya uhakika. Mililita 10 za damu kwa kila mgonjwa anayeridhia, kabla hajapigwa mionzi ya kwanza. Na faili lake lifuatiliwe miaka mitano, kwa sababu madhara ya utumbo na kibofu huchelewa kujitokeza. Ninapofanya kazi, majibu yakishatoka, sampuli humwagwa. Nimezimwaga mwenyewe kwa mikono yangu, na inaniuma.

Nilipomweleza haya yule mama, alikunja mkono wa gauni akaninyooshea mkono.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtaalamu wa maabara, Dar es Salaam