Wajukuu zangu wa mdahalo, utumwa hauzeeki ukafa

Wajukuu zangu,

Nilikuwepo ukumbini mlipojadili ingekuwaje kama Katiba ya Marekani ingeulinda utumwa milele. Mlizungumza kwa ufasaha na nilijivunia. Kisha mmoja wenu akasema isingebadilisha kitu, kwa kuwa mashine zingekuja na utumwa ungekufa wenyewe. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Makofi yale yamenikera mpaka leo.

Kwanza, jambo lenyewe lilikaribia kutokea. Tarehe 28 Februari 1861 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 133 dhidi ya 65, marekebisho ya Katiba yaliyobeba jina la mbunge Thomas Corwin wa Ohio. Seneti ikayapitisha Machi 2, kura 24 kwa 12. Yalisema Katiba isije ikabadilishwa ili kulipatia Bunge uwezo wa kuufuta au kuuingilia utumwa ndani ya jimbo lolote. Rais mpya, Abraham Lincoln, alipoapishwa Machi 4 alisema hana pingamizi. Yalibaki kuridhiwa na robo tatu ya majimbo, na machache yakaridhia, Kentucky na Ohio yakiwemo. Majimbo saba ya Kusini yalikuwa yameshajitenga na hayakurudi. Aprili mizinga ikalia kwenye ngome ya Fort Sumter, na vita kati ya Kaskazini na Kusini vikaanza.

Sasa hayo ya kufa wenyewe. Nani kawafundisha? Mashine mnazozitaja zilikuja mapema: ile ya Eli Whitney ya kuchambua pamba ilipata hataza mwaka 1794. Ilifanya nini? Ilifanya pamba iwe na faida kubwa, na wenye mashamba wakataka watu zaidi wa kuilima na kuichuma. Mwaka 1790 watumwa nchini humo walikuwa kama laki saba. Sensa ya 1860 ikahesabu karibu milioni nne. Huyo ndiye mgonjwa wenu wa kufa mwenyewe?

Na msidhani pamba ile ilikuwa mbali nasi. Ilichumwa na watumwa, ikafumwa jimboni Massachusetts, wafanyabiashara wa mji wa Salem wakaileta Unguja, na misafara ikaipeleka bara kununulia pembe za ndovu. Kitambaa cha merikani walichovaa mababu zetu kilitoka huko. Unguja nako, soko la watumwa halikufungwa mwaka 1873 kwa kukosa wanunuzi. Sayyid Barghash alitishiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza. Hata hivyo watu wakaendelea kutumikishwa kwenye mikarafuu mpaka amri ya 1897 ikaondoa hadhi ya utumwa kisheria, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Kila hatua ilisukumwa na mtu, na kila hatua ilikuwa na mtu wa kuizuia.

Marekani waliosukuma ni pamoja na watumwa wenyewe. Walitoroka mashamba, na wanaume Weusi wapatao 180,000 wakaingia jeshi la Kaskazini katika vita vile. Mdahalo wenu wote haukumtaja hata mmoja wao. Hilo liliniuma kuliko hoja yenyewe, wanangu, maana nawajua kuwa mna huruma.

Mengine nayataja tu. Someni kifungu cha sheria kabla ya kusoma maoni juu yake. Lincoln msimfanye malaika, wala msimtukane kwa sentensi moja. Kama Katiba inaweza kujifunga yenyewe isiguswe tena, kawaulizeni wanasheria. Ni swali zuri na wanabishana nalo.

Lakini sisi wakubwa ndio tuliowalea katika uvivu huu. Tunaacha mabaya yajiishie. Majumbani mwetu kuna dada wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini akiwa mtoto, haendi shule, mshahara wake anatumiwa mjomba, na tunasema "ni kama mwanetu". Sheria za ajira zipo, tumeziweka kabatini. Nendeni nyumbani mkaulize kwa adabu: dada analipwa kiasi gani, na fedha hizo anazipokea yeye mwenyewe? Mzazi akikasirika, mwambieni babu ndiye aliyewatuma, aje kwangu tuzungumze.