Bata bukini hufundishwa njia na wazazi wao

South B, Nairobi
Novemba

Mpendwa Naliaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, ila mama bado analalamikia magoti. Nimefurahi mno kusikia kwamba Baraka ametulia chuoni huko Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na baridi haijamshinda. Ile picha ya bata bukini waliojaa kwenye nyasi za chuo nimeitazama tena na tena, na swali lake limenikaa moyoni: ikiwa hawa ni ndege wa porini, na bata bukini wanasifika kwa kuhama, mbona wengine wako palepale hadi theluji inawakuta?

Hao anaowaona wengi wao ni wa ule uzao mkubwa wa bata bukini wa Kanada. Waliwindwa, mayai yao yakaokotwa, vinamasi vyao vikakaushwa viwe mashamba, hata ilipofika miaka ya 1950 wataalamu waliamini wamekwisha kabisa. Mwaka 1962 mtaalamu wa ndege Harold Hanson akawatambua mjini Rochester, katika jimbo hilohilo la Minnesota, kwenye ziwa la Silver Lake, ambalo halikuganda kwa sababu mtambo wa umeme ulimwaga humo maji ya moto. Baada ya hapo wakazalishwa na kuachiliwa jimbo baada ya jimbo, na leo wako kwa mamilioni, mjini na mashambani.

Lakini Naliaka, wengi wa walioachiliwa walikuwa wamelelewa na watu. Hawakuwa na mkubwa wa kuwaonyesha njia ya kusini, na kwa bata bukini hilo ndilo jambo lenyewe. Ndege hawajifunzi safari kwa namna moja. Kekeo wa Ulaya anayepita huku kwetu hulelewa na ndege wa aina nyingine, hamjui mama yake, na bado akiwa na miezi michache tu huvuka Sahara peke yake. Safari amezaliwa nayo. Bata bukini huzaliwa na hamu ya kuondoka, ila pa kupita, pa kutua na pa kulisha huonyeshwa na baba na mama, ambao hukaa na makinda yao majira yote ya baridi ya kwanza. Wazazi wakikosekana, maarifa ya vizazi vingi hukatika.

Namna wanavyofuata unaweza kuiona hapahapa Nairobi. Juzi nilikuwa bwawani ndani ya Mbuga ya Taifa, na bata bukini wa Misri walikuwa na vifaranga. (Najua utaniambia huyu si bata bukini halisi, na ni kweli, ukoo wake ni mwingine, lakini kwa malezi wanafanana sana.) Jike alitangulia kwenye majani marefu, vifaranga wakamfuata mstari mmoja, kila mmoja karibu amguse wa mbele. Jike akisimama, wote wanasimama. Dume alibaki nyuma, shingo juu, lile doa la kahawia limelizunguka jicho, akitoa sauti yake ya kukwaruza. Kifaranga mmoja alichepuka kufuata mdudu. Jike akapiga kelele mara moja tu, naye akarudi mbio kwenye mstari. Nilikaa pale hadi jua likanichoma shingo.

Ufuasi huo ndio aliotumia Bill Lishman kule Kanada. Alilea bata bukini tangu wakiwa vifaranga hadi wakaizoea eropleni yake ndogo nyepesi, na mwaka 1993 akawaongoza 18 kwa njia ya angani kutoka Ontario hadi Virginia. Majira ya kuchipua yalipofika wengi wao walirudi Ontario wenyewe, bila eropleni yoyote mbele yao. Kuonyeshwa mara moja tu kulitosha!

Wasweden walikwenda mbali zaidi, na hapa sina hakika kama wewe na mimi tutakubaliana. Bata bukini mdogo mwenye paji jeupe alikuwa akiisha kule kaskazini, maana njia yake ya kuelekea kusini mashariki ilipita katika nchi ambako aliwindwa vibaya. Tangu 1981 Lambart von Essen akawapa makinda wazazi wa kulea wa aina nyingine, wale bata bukini wenye uso mweupe ambao majira ya baridi huenda Uholanzi. Makinda yakawafuata walezi, na hadi leo uzao wao huenda Uholanzi. Kuna wataalamu waliolipinga jambo hili kwa nguvu, wakisema huko ni kumbadilisha ndege. Mimi naona ndege aliye hai kwenye njia ngeni ni afadhali kuliko njia ya asili isiyo na ndege, ila uchungu wao nauelewa: ile njia ya kale ilipotea mbele ya macho yao.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha visiwa vya Aleutian, Alaska. Wafanyabiashara wa manyoya walipeleka mbweha visiwani, na mbweha wakala mayai, makinda na ndege waliotagia chini. Ikadhaniwa bata bukini wa huko wamekwisha, mpaka mwaka 1962 (mwaka uleule wa Rochester!) mtaalamu wa wanyamapori Robert Jones akawakuta katika kisiwa cha Buldir, ambako mbweha hawakufika. Mwaka 1975, walipohesabiwa kule California wanakokwenda majira ya baridi, walikuwa 790 tu. Mbweha wakaondolewa kisiwa baada ya kisiwa. Waliolelewa kizuizini walipoachiliwa peke yao, wengi hawakufaulu. Mambo yalibadilika walipochukuliwa ndege wa porini kutoka Buldir, wenye kuijua njia, wakapelekwa kwenye visiwa vilivyosafishwa. Mwaka 2001 waliondolewa katika orodha ya walio hatarini, wakiwa wameshapita 30,000. Na wameendelea kutanuka: makundi yaliyokuwa yakibanana karibu na Crescent City, kaskazini mwa California, yameshuka kusini hadi malisho ya Humboldt, na wafugaji wa huko wananung'unika kwa sababu majani ya ng'ombe yanaliwa.

Sasa nirudi kwa Baraka. Asidhani ndege wa chuo chake wamesahau kabisa kusafiri. Bata bukini hupoteza manyoya yote makubwa ya mabawa kwa wakati mmoja na kukaa takriban mwezi bila kuruka. Basi karibu na Juni wengi wasio na makinda huondoka mjini na kuruka kaskazini hadi upande wa Hudson Bay, kaskazini mwa Kanada, wakabadilishe manyoya huko kwenye majani mabichi na nafasi tele, kisha hurudi. Wenye makinda hubaki. Mwambie awahesabu mwezi wa Mei, kisha Julai.

Na jambo moja zaidi, tafadhali usisahau kumwambia. Akimwona mwenye pete ya rangi shingoni, aandike rangi na herufi zake, mahali na tarehe, apeleke habari kwenye ofisi ya serikali ya pete za ndege iliyoko Laurel, Maryland. Ni kazi ileile inayofanywa Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969, ambako wageni wetu wadogo, yaani ndege wahamiaji, hunaswa kwenye ukungu usiku, huvishwa pete na kuachiliwa. Pete isiyosomwa na mtu haisemi lolote.

Desemba ukija, tupange kwenda mabwawa ya maji taka ya Ruai asubuhi na mapema. Bata wahamiaji kutoka kaskazini watakuwa wamefika. Uje na darubini yako, na unijulishe siku ya basi nije nikupokee. Msalimie mama na watoto.

Wako akupendaye,
Muthoni