Yah: Rodi kuukuu za kuchomelea, aina ya 7018, mlizoniuzia kama mpya

Karakana ya kuchomelea,
Tanga.
14 Mei, 2025.

Kwa Meneja wa Mauzo.

Ndugu Meneja,

Nimekuwa mteja wenu kwa miaka saba. Tarehe 6 mwezi huu nilinunua dukani kwenu pakiti kumi za rodi za 7018, zile za kuchomelea chuma kizito ambazo ganda lake lazima liwe kavu, unene wa milimita 3.2, zilizofungwa kwa karatasi ya rangi ya fedha na kunyonywa hewa. Bei yake ni kubwa kuliko za boksi la kawaida, nami nilizitaka hizo makusudi kwa sababu sina tanuri la kukaushia rodi. Nilicho nacho ni friji bovu nililotia balbu ndani. Linazikinga rodi zisipate unyevu wa masika, lakini rodi iliyokwisha kunyonya maji haliiwezi. Kwa hiyo 7018 nainunua ikiwa imefungwa kiwandani, naifungua asubuhi ya kazi, na ikikaa nje kwa muda wa zaidi ya saa nne siitumii tena kwenye chuma kizito.

Kazi ilikuwa mkono wa tela la kubebea mkonge, ule unaoshikana na trekta, chuma cha milimita 16. Kijana wangu alifungua pakiti mbili. Rodi zilikuwa zikipasukapasuka kidogo wakati wa kuwaka, lakini mshono ulitoka mzuri, nikaupitisha. Mwenye tela alikuwa aje jioni ile ile, akapata dharura, akachelewa siku mbili. Alipokuja, nilipiga brashi mara ya mwisho kabla ya rangi nikaona ufa mwembamba kama unywele, umeenda sambamba na mshono, pembeni yake, urefu wa kiganja.

Mnajua ufa wa namna hiyo unatoka wapi. Maji yaliyomo kwenye ganda la rodi yanavunjika kwa joto, hidrojeni inaingia kwenye chuma, na chuma kinene kinachopoa haraka kinapasuka baadaye, saa nyingi baada ya fundi kuzima mashine. 7018 ilitengenezwa ili kuepusha jambo hilo hilo. Tela lile hupandwa na vibarua juu ya mzigo. Kama mwenyewe angelichukua jioni ile, sijui leo ningekuwa naandika barua gani.

Ndipo nikazikagua pakiti nane zilizobaki. Pakiti iliyonyonywa hewa huwa ngumu kama tofali. Hizi zilikuwa laini mkononi. Tano zina mshono wa pili wa joto juu ya ule wa kiwandani, kama wa mashine za kufungia karanga. Nilifungua moja mbele ya mafundi wenzangu wawili. Ganda limeota unga mweupe, chapa kwenye baadhi ya rodi zimefutika, na rodi za pakiti moja zina alama za rangi mbili tofauti kwenye ncha. Hayo ni mabaki ya kazi za watu, yamekusanywa na kufungwa upya.

Nilipozileta dukani kuwaonyesha, kijana wenu wa kaunta aliniambia nizianike juani nusu saa. Jua la Tanga halifiki huko. Kanuni ya uchomeleaji ya Marekani, AWS D1.1, inataka rodi za aina hii zikaushwe kwenye tanuri lenye nyuzi 260 hadi 430 za Selsiasi kwa saa mbili au zaidi, tena mara moja tu. Zilizolowa hazitumiki kabisa. Na si kila rodi inakaushwa hivyo. Ziko aina nyingine: 6013, rodi ya kazi nyepesi, joto hilo ni kubwa mno kwake, na 6010 inahitaji unyevu wake, ukiikausha umeiua. Anayeuza rodi anapaswa kuyajua haya kabla ya kumshauri mteja.

Mimi si mtu wa kutupa rodi kwa kuwa ni kuukuu. Nina 6013 za miaka mingi. Najaribu moja kwenye kipande cha chuma, na zikiwaka sawa vijana wanajifunzia au tunashikizia fremu za madirisha. Nafanya hivyo kwa sababu najua historia yake. Mngeniambia hizi ni mabaki na kuniuzia kwa bei ya mabaki, labda ningechukua mbili za kufundishia. Mkono wa tela nisingeugusa nazo.

Naomba mnirudishie fedha za pakiti zote kumi, pamoja na gharama ya kukata na kuchomelea upya mkono ule. Nakala ya risiti na picha nimeambatanisha. Pakiti zilizobaki ninazo, sitazirudisha hadi tuandikiane, maana nahofia zitauzwa tena. Vilevile ondoeni rafuni pakiti zote zenye mshono wa pili, na muwapigie simu wateja walionunua mzigo huo mwezi huu, hasa wanaotengeneza tela, ngazi na matangi. Hilo la mwisho lisisubiri majibu ya barua hii.

Na ghala lenu, kwa kuwa nimeliona nilipokuja kuchukua mzigo: rodi zimelazwa kwenye sakafu ya saruji, mkabala na mlango unaopokea upepo wa bahari. Zipandisheni juu ya mbao, mbali na ukuta.

Nitasubiri siku saba. Baada ya hapo nitapeleka pakiti na picha hizi Tume ya Ushindani.

Mteja wenu,
Fundi mchomeleaji, Tanga.