Mhariri, lile kombe la biskuti mmelionea

Mhariri, salamu. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalichukua asubuhi nikisubiri chai na naanza nyuma kwenye michezo kama kila mtu. Novemba 2024 mlituwekea vimistari vitatu chini kabisa pembeni ya tangazo la mganga, eti Nagoya ya Japan wabeba kombe la biskuti, lile la Levain, 3-3, matuta 5-4, basi imeisha hiyo, hata waliofunga hamna.

Tuanze na hiyo biskuti. Ni kweli Levain ni biskuti, na kampuni ya biskuti ya Yamazaki ndo wadhamini. Ila jamaa walianza nalo 1992, mwaka mmoja kabla J.League, ligi yenyewe ya Japan, haijaanza kuchezwa, na hawajabanduka mpaka leo. Jina la kombe lilibadilika 2016 sababu walipoteza leseni ya kutumia jina la Nabisco, wakatoa biskuti yao nyingine na kombe likafuata. Sisi hapa Ligi Kuu ilikuwa ya Vodacom sasa ya NBC, Shirikisho lilikuwa la Azam sasa la CRDB, kwahiyo tukicheka biskuti za watu tucheke taratibu.

Halafu mwaka huo 2024 ndo wa kuandikwa kuliko yote, maana zamani lilikuwa zaidi kombe la wakubwa wa J1, daraja la juu, na makundi yao, safari hiyo waliingiza timu zote 60 za madaraja yote matatu, mtoano, raundi za kwanza mechi moja ukifungwa unafunga virago, na mkubwa anamfuata mdogo kwake huko huko.

Sasa fainali yenyewe, Jumamosi tarehe 2 Novemba, uwanja wa taifa Tokyo, mvua inamwagika, watu 62,517. Kwetu ilikuwa saa moja na kitu asubuhi, nimeegemeza simu kwenye boneti ya gari ya mteja na chapati mkononi. Wapinzani wa Nagoya, Albirex Niigata, walikuwa hawajawahi kubeba kombe kubwa hata moja, na kufika hapo waliwapiga Kawasaki Frontale jumla 6-1 nusu fainali. Hawa jamaa mpira lazima waanze nyuma kwa pasi fupi fupi, na ndo kilichowaponza, kipa wao akapasia moja kwa moja kwa Nagai wa Nagoya, bao. Kabla ya mapumziko Nagai huyo huyo akaongeza la pili. Nikasema basi, nikashika spana.

Taniguchi wa Niigata akarudisha moja dakika ya 71. Dakika tisini zikaisha, zikaanza za nyongeza, zinasonga tu, VAR ikaita penalti, dogo Komi aliyetokea benchi akaiweka ndani dakika ya 90+11! Nimepiga kelele mpaka mwenye gari akatoka kuangalia nimevunja nini. Muda wa ziada Nakayama wa Nagoya akafunga haraka haraka, 3-2, Komi akachomoa tena dakika ya 111. Matuta Nagoya wakapiga zote tano, Niigata akakosa mmoja tu, Nagakura. Mmoja tu jamani.

Kipa wa Nagoya alikuwa Langerak yule Mwaustralia aliyekuwa anakaa benchi Dortmund ya Klopp, msimu huo ndo alikuwa anaaga, na ndo alichaguliwa mchezaji bora wa fainali. Kocha wao wa wakati huo, Hasegawa, alishalibeba kombe hili na Gamba Osaka 2014, na FC Tokyo 2020, Nagoya ikawa timu ya tatu, kabla yake hakuna kocha mwingine aliyefanya hivyo. Na ndo hii hii Nagoya aliyokuwa anafundisha Wenger kabla ya Arsenal, hata hilo peke yake lingewapa kichwa cha habari, maana Arsenal mnaiandika hata ikifanya mazoezi mepesi.

Sisemi muache Simba na Yanga, naomba nusu ukurasa tu, na majina ya wafungaji. Kijana wangu hapa gereji aliniuliza, fundi hiyo Nagoya ndo ile inayoandikwa kwenye karatasi za meli? Nikamwambia ndo hiyo hiyo, na timu yenyewe ni ya Toyota. Akaangalia gari alilokuwa analala chini yake, akasema kumbe tunawajua muda mrefu.

Fundi, Dar es Salaam